Geita ilipokataa kuhesabiwa kwa rangi

Mwaka 1958 wakulima wa Geita waliikatalia serikali ya Mwingereza halmashauri yake mpya. Walikusanyika bomani kwa maelfu, na walipoona hawasikilizwi wakavuka maji kwenda Mwanza kuonana na wakubwa wa jimbo. Huko walikutana na polisi na mabomu ya machozi. Viongozi wao wakakamatwa. Walikuwa na malalamiko mengi, yakiwemo ya kodi na amri za mifugo na mashamba zilizokuwa zimewachosha kwa miaka, lakini halmashauri ile ilikuwa na jambo moja lililowaudhi kuliko yote: viti vyake viligawanywa kwa rangi. Mwafrika fungu lake, Mwasia lake, Mzungu lake, katika wilaya ambayo ukitoa maduka machache na mgodi wa zamani wa dhahabu, ungeweza kutembea kutwa nzima bila kukutana na mtu asiye mweusi.

Kisa hiki hakisimuliwi sana hapa Katoro, na inasikitisha, maana ni cha kwetu. Mji umejaa watu waliokuja juzi na jana, Wasukuma kutoka Kwimba na Magu, Waha, Wahaya, Wakurya, wote wakifuata dhahabu ya Rwamgasa na Nyarugusu au biashara inayozaliwa na dhahabu hiyo. Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi iliigawa Busanda na kuifanya Katoro jimbo linalojitegemea, moja kati ya majimbo 8 mapya nchini. Jimbo la namna hii, lenye fedha inayozunguka usiku na mchana na watu wasiojuana ukoo, ni mahali ambapo mgombea mwenye haraka hutafuta mtu wa kunyooshewa kidole. Ndiyo maana naandika.

Na huko tunakodhani siasa za rangi ndiko kwao hasa, Marekani, mwaka huohuo wa 1958 kulitokea jambo linalofaa kuwekwa kando ya lile la Geita. Katika jimbo la Alabama hakimu mmoja, George Wallace, aligombea kuteuliwa na chama chake cha Democratic ili awe gavana. Kwa vipimo vya Alabama ya wakati ule hakuwa mkali sana kuhusu weusi, na NAACP, chama kikubwa cha kutetea haki zao, kilimuunga mkono. Mpinzani wake, John Patterson, aliungwa mkono na Ku Klux Klan, kundi la kibaguzi la Wazungu. Wallace akashindwa. Inasimuliwa kwamba usiku ule aliapa hatazidiwa tena na mgombea yeyote katika kuwatukana weusi. Mwaka 1962 alirudi na lugha mpya, akashinda, na Januari 1963 akaapishwa akiahidi kwamba utengano wa rangi utadumu milele. Katika miaka hiyo 4 weusi wa Alabama hawakuwa wamemkosea lolote. Wengi wao hata kura walikuwa wananyimwa, mpaka sheria ya haki ya kupiga kura ya mwaka 1965. Wallace alikuwa amepiga hesabu tu.

Hesabu hiyo imeendelea kupigwa. Mwaka 1988 kampeni ya kumpinga mgombea urais Michael Dukakis ilisambaza picha ya mfungwa mweusi, Willie Horton, ili Mzungu wa kawaida apige kura kwa hofu. Barack Obama, mtoto wa Mjaluo wa Nyanza, aliandamwa na uvumi kwamba amezaliwa Kenya na hivyo hana haki ya urais. Donald Trump aliushikia bango uvumi huo mpaka Ikulu ya Marekani ikatoa hati kamili ya kuzaliwa Aprili 2011. Julai 2019 umati wa mkutano wa Trump huko Greenville, North Carolina, uliimba kwamba mbunge Ilhan Omar arudishwe kwao. Omar amezaliwa Mogadishu, ameishi utotoni miaka minne katika kambi ya wakimbizi Kenya, na ni raia wa Marekani aliyechaguliwa na watu wa Minnesota. Septemba 2024 ikawa zamu ya Wahaiti wa mji mdogo wa Springfield, Ohio, waliosingiziwa mbele ya mamilioni ya watazamaji wa mdahalo wa urais kwamba wanakula mbwa na paka wa majirani.

Springfield inanifundisha kuliko hayo mengine. Viwanda vya mji ule vilikuwa vimeondoka kwa miaka mingi. Walipokuja wageni kwa maelfu katika muda mfupi, kodi za nyumba zilipanda na foleni za zahanati zikawa ndefu. Mwenyeji aliyelalamikia foleni hakuwa mwongo. Foleni ilikuwepo. Mwanasiasa alimjia mtu huyo mwenye lalamiko la haki, akamnyang'anya lalamiko lake, akamwachia chuki. Uchaguzi ukapita, zahanati ikabaki na foleni yake.

Kwetu Usukumani lalamiko la haki lilikuwa mzani. Kabla ya ushirika, pamba ya mkulima ilinunuliwa na wafanyabiashara ambao wengi wao walikuwa Wahindi, na ndio pia waliokuwa wenye viwanda vya kuchambua. Mkulima alifika na mzigo wake kichwani au juu ya baiskeli, akauweka kwenye mzani, na aliyesoma mzani ni yuleyule anayenunua. Akitaja ratili chache, nani atambishia? Kidole kikigusa sahani, nani atakiona? Mtu aliyelima tangu mvua za kwanza, akapalilia na mkewe na watoto, akachuma mpaka vidole vikachubuka, aliporwa kwa sekunde chache mbele ya macho yake mwenyewe, na alijua kwamba anaporwa. Hasira ya namna hiyo huingia mwilini na kurithiwa na watoto.

Mtu mwenye njaa ya uongozi angeweza kupanda juu ya kreti pale sokoni, akasema: mnamwona yule, tazameni rangi yake. Maneno hayo yangeshika moto siku ileile. Waliojitokeza walifanya kazi ngumu zaidi. Wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza walianza kwa kuweka wapimaji wao kando ya wanunuzi, ili mzigo upimwe mara ya pili na mtu asiye na maslahi. Kisha Paul Bomani, kijana ambaye hakuwa amefika hata miaka 30, akaongoza wakulima kuunda vyama vya msingi, kijiji kwa kijiji, na mwaka 1955 vikawa shirikisho, Victoria Federation of Co-operative Unions. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 ushirika huo ulikuwa umeshika ununuzi wa pamba ya kanda nzima, na ulitajwa miongoni mwa mikubwa barani Afrika. Mzani ukawa wa mkulima. Ushirika wenyewe ulikuja kuoza baadaye, na waliouozesha walikuwa weusi kama sisi, jambo linalostahili makala yake.

Turudi kwenye halmashauri. Gavana Edward Twining aliamini kwamba Tanganyika itatawaliwa kwa kugawana sawa baina ya rangi tatu. Mwaka 1955 Baraza la Kutunga Sheria likapewa wajumbe 10 Waafrika, 10 Waasia na 10 Wazungu nje ya wale wa serikali. Waafrika tulikuwa zaidi ya milioni 8. Waasia hawakufika laki moja, Wazungu walikuwa kama elfu 20. Ukigawanya, Mzungu mmoja alisimama barazani mahali pa mamia ya Waafrika. Twining alilipa jambo hilo sura ya usuluhishi, na mwaka 1956 kikaanzishwa chama cha kulitetea, United Tanganyika Party. TANU, chama cha kudai uhuru kilichokuwa na umri wa miaka miwili tu, ilikuwa imefungiwa matawi yake Usukumani tangu mwishoni mwa 1954. Kwa hiyo wakulima wa Geita walipoandamana hawakuwa hata na chama kinachoruhusiwa kuwasemea.

Uchaguzi wa kwanza wa nchi ukapangwa kwa kanuni hizohizo. Ili uandikishwe ilikupasa uwe na umri wa miaka 21, na juu yake kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la 8, au cheo kinachotambuliwa. Waliojiandikisha nchi nzima ni kama elfu 60. Na kila mpiga kura alilazimishwa kupiga kura tatu: moja ya Mwafrika, moja ya Mwasia, moja ya Mzungu. Ukiacha mmoja, karatasi yako inaharibika. Mwenye heshima yake angesema basi, kaeni na uchaguzi wenu.

Hilo ndilo lililokuwa mezani Tabora, Januari 1958, kwenye mkutano mkuu wa TANU. Wajumbe wengi walitaka kususa, na walikuwa na sababu. Nyerere, kiongozi wa chama, aliwashawishi waingie kwenye kura tatu kwa hoja kwamba TANU ikisusa, viti vyote vitachukuliwa na chama cha Twining. Wakakubali, na uamuzi ule umebaki na jina la Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alitoka, akaunda African National Congress, akipigania Afrika iwe ya Waafrika peke yao. Watu humtaja Mtemvu kama mpotevu, na hapo simwachi bila kumtetea: aliona sawasawa kwamba masharti yale ni matusi. Tatizo langu naye liko kwenye dawa aliyotoa.

Sasa fikiria mpiga kura wa Kanda ya Ziwa mwaka ule. Amepunjwa na mnunuzi Mhindi, ameamrishwa na bwana shamba Mzungu, na jirani zake wametoka Mwanza macho mekundu kwa moshi wa polisi. Kama kuna mtu duniani aliyekuwa tayari kwa mahubiri ya Mtemvu, ni huyu. Uchaguzi ukafanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na TANU ikapita na wagombea iliowaunga mkono wa rangi zote tatu. Chama cha Twining kikafutika. Miongoni mwa walioingia barazani kwa msaada wa TANU walikuwa Amir Jamal, Mhindi mzaliwa wa Mwanza ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Fedha, Sophia Mustafa wa Arusha, na Lady Marion Chesham wa Iringa, mama wa Kizungu aliyezaliwa Philadelphia, Marekani. Katika miaka ambayo Wallace wa Alabama alikuwa anajifunza kuvuna kura za chuki, mzaliwa wa nchi yake aliingia Baraza la Tanganyika akiwa upande wa Waafrika.

Mtemvu alipata nafasi ya kupimwa na nchi nzima. Kwenye uchaguzi wa Rais wa Novemba 1962 alisimama dhidi ya Nyerere akapata kura 21,276. Nyerere alipata 1,127,978.

Wapo watakaosema nayapamba. Geita ilikataa halmashauri yenye Wahindi na Wazungu, sasa tofauti yake na ubaguzi ni ipi? Nimelifikiria swali hilo kwa muda mrefu, na jibu langu ni kwamba walikataa kiti kinachotolewa kwa rangi. Mtu yuleyule aliyeikataa halmashauri alikuwa tayari kumpa Mhindi kura yake kama Mhindi huyo anasimama kuomba kama watu wengine na anataka kile anachotaka mkulima. Serikali nayo ilisalimu amri. Gavana mpya, Richard Turnbull, aliyeingia Julai 1958, aliachana na hesabu za Twining, TANU ikafunguliwa tena Usukumani, na halmashauri za kulazimishana zikawekwa kando.

Mtihani haukuishia hapo. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, wabunge wa TANU yenyewe walitaka sheria ya uraia iwatenge wasio weusi. Nyerere aliwajibu kwa ukali ambao hakuwa ameutumia hata kwa Mwingereza. Aliwafananisha na Hitler, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kupitisha uraia wa rangi. Na uchaguzi wa 1965, ule wa alama za jembe na nyumba, ulikuwa na kanuni ambayo ningependa isomwe tena leo kwa sauti: mgombea haruhusiwi kuomba kura kwa kutaja kabila, rangi au dini ya mtu. Mwaka huo Derek Bryceson, Mzungu, alishinda Dar es Salaam dhidi ya Mwafrika.

Ng'ambo ya maji, Zanzibar, mambo yalikwenda kinyume. Huko kila kampeni ya zama za siasa, tangu 1957, ilichimba asili ya mtu: nani Mwarabu, nani Mshirazi, nani mtu wa bara. Magazeti ya vyama yalitukanana mwaka hadi mwaka. Maduka yakasusiwa, wapangaji wakafukuzwa mashambani. Juni 1961, siku ya kupiga kura, matusi yakageuka mapanga, na watu 68 wakafa, wengi wao Waarabu. Huo ulikuwa uchaguzi, kabla ya mapinduzi ya 1964. Waliokufa walikuwa majirani wa waliowaua.

Bara nasi hatukubaki safi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vyama vingi viliporudi, Mchungaji Christopher Mtikila alijaza viwanja kwa kuwaita Wahindi kwa tusi la magabacholi, na baada ya mkutano wake mmoja Dar es Salaam magari ya Wahindi yalirushiwa mawe. Mtikila alikuwa na ujasiri wa kweli mahakamani, na haki ya mgombea binafsi aliipigania kuliko mwanasiasa yeyote. Lakini umati ule ulioshangilia ulikuwa umekuja na shida za kweli, kazi kupotea, viwanda kufungwa, na ulirudi nyumbani nazo zote.

Hapa Katoro mzani umerudi kwa sura nyingine. Nenda jioni kwenye vibanda vya wanunuzi. Mwanaapolo, yaani mchimbaji mdogo, anatoa kitambaa mfukoni, ndani yake kidonge cha dhahabu yenye zebaki. Kinachomwa kwa gesi mpaka kinageuka rangi, kinapozwa, kinawekwa kwenye mzani mdogo wa betri. Wote wawili wanainama. Bei inahesabiwa kwa gramu na pointi, na pointi mbili ni chakula cha siku. Ugomvi ukizuka, ni Msukuma na Mha, au Mhaya na Mkurya, wanaogombana kuhusu tarakimu. Lakini keti nao mpaka usiku, utasikia lawama zinahamia kwa Wachina. Wachina wamechukua maeneo. Wachina wana mitambo ya kuchenjua marudio. Wachina wanashusha bei madukani.

Kuna ukweli ndani yake. Leseni ndogo ya uchimbaji kisheria hutolewa kwa Mtanzania peke yake, na bado kuna maduara ya uchimbaji ambayo kila mtu anajua fedha na amri vinatoka kwa mgeni. Ila mgeni hawezi kuomba leseni hiyo. Inaombwa kwa jina la Mtanzania, ambaye hukodisha jina lake, akapokea chake kila mwezi, na jioni tunakaa naye meza moja. Ukimlaani Mchina ukamwacha huyo, kesho atakuja Mturuki au Mganda kwa mlango uleule.

Julai 2025, miezi mitatu kabla ya uchaguzi mkuu, Wizara ya Viwanda na Biashara ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo uchimbaji mdogo, uwakala wa fedha kwa simu, ukarabati wa simu na saluni. Naiunga mkono kwa sehemu kubwa, kwa sababu imeandikwa kwa uraia. Hofu yangu ni utekelezaji wake mtaani. Mwenye duka la vipuri ambaye babu yake alizikwa Mwanza, na ambaye Kisukuma chake kinawashinda vijana wetu wengi, akidaiwa hati kwa sababu ya pua na nywele zake, huku mgeni mweusi wa jirani akipitwa bila kuulizwa, tutakuwa tumerudi kwa Twining kwa mlango wa nyuma.

Na kabla hatujaisema Marekani zaidi, kanda yetu ina deni la ngozi ambalo hakuna nchi nyingine ya kulilipa. Tangu miaka ya 2006 na 2007 ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa hapa, Geita, Shinyanga na Mwanza, kwa imani kwamba viungo vyao vinaleta utajiri wa dhahabu na samaki, na pia ushindi wa kura. Februari 2015, mwaka wa uchaguzi, mtoto wa mwaka mmoja aliporwa mikononi mwa mama yake wilayani Chato na kuuawa. Kila uchaguzi ulipokaribia, wazazi wa watoto wenye ualbino waliacha kulala. Lindi mwaka 2010 walimchagua Salum Khalfani Barwani, mwenye ualbino, kuwa mbunge wao. Kanda ya Ziwa hatujafanya hivyo. Mgombea wa huku anayezunguka na waganga wakati wa kampeni hajawahi kuulizwa jukwaani anatafuta nini kwao, na aulizwe.

Mbunge wa kwanza wa Katoro ana kazi ya kufanya kabla ya kumtaja Mchina hata mara moja. Rejesta ya leseni za uchimbaji inashikwa na Tume ya Madini, jina kwa jina, eneo kwa eneo. Aje nayo kwenye uwanja wa mkutano, asome majina ya Watanzania wenye leseni za jimbo hili, na kwa kila moja awaulize wanaapolo waliokusanyika kama mtu huyo wamewahi kumwona duarani.